Kupita chini juu ya uwanja wa ndege: ipi ifanyike na ipi iachwe

Viwanja vingi vidogo vya ndege vya Afrika Mashariki havina mnara wa kuongozea ndege wala uzio. Ukienda Keekorok, Ol Kiombo au Musiara kule Maasai Mara, au viwanja vya mbuga za kusini mwa Tanzania, utakuta njia ya kurukia na kutua, ya changarawe au nyasi, soksi ya upepo (mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakoelekea), na pengine kundi la nyumbu limesimama katikati. Wanyama hupapenda pale kwa sababu majani ni mafupi na simba anaonekana angali mbali. Ndiyo maana rubani hupita chini mara moja kwanza, akatazama, kisha akazunguka na kutua.

Tabia hiyo ina msingi. Tatizo ni kwamba watu wanaita "kupita chini" mambo manne yasiyofanana, na hatari zake zimepishana sana. Mwenye leseni ya rubani binafsi anayaona yote manne yakifanywa na waliomtangulia, anayachanganya, halafu anafanya lile la hatari akidhani ni lile la lazima. Kipimo changu ni kimoja: kabla hujashuka, uwe na swali ambalo huwezi kujibiwa ukiwa juu. Ukilikosa swali hilo, kaa juu.

Kutazama kutoka futi 500

Hii ndiyo wengi wanaiona ya kupoteza muda, nami naiweka ya kwanza. Ukiruka futi 500 juu ya ardhi, njia ikiwa upande wako wa kushoto ili uione vizuri kwa dirisha lako, utaona mengi kuliko unavyotarajia. Utaona kundi la wanyama na linakoelekea. Utaona gari lililoegeshwa vibaya, madimbwi baada ya mvua, na kama njia imelimwa na maji pembeni. Soksi ikiwa imechanika au haipo, tazama moshi wa jiko la kambi au vumbi la gari. Penye bwawa, ule ukingo ambao maji yake yametulia ndio upepo unakotokea.

Faida kubwa ni muda. Cessna 172, ndege ndogo ya viti vinne, ikiteleza bila injini hushuka kama futi 750 kwa dakika, kwa hiyo futi 500 zinakupa takriban sekunde 40. Si nyingi, lakini zinatosha kugeukia njia ambayo tayari iko ubavuni mwako, kuliko kutafuta mahali pa kuangukia vichakani.

Kutoka kimo hicho kuna vitu hutaviona. Shimo la ngiri halionekani. Ulaini wa tope haupimiki. Waya wa umeme wenyewe hauonekani kabisa, kwa hiyo tafuta nguzo, ukiziona mbili jua kuna waya kati yake. Kama unachotaka kujua ni upepo, wanyama au magari, umeshajibiwa na huna sababu ya kushuka zaidi.

Kupita polepole karibu na njia

Swali la hapa ni hali ya uso wa njia. Tembo wakipita kwenye udongo mweusi baada ya mvua, nyayo zao huzama, kisha jua likiwaka hukauka na kuwa ngumu kama saruji. Mtu akitazama kutoka juu anaona njia tambarare. Gurudumu la mbele likiingia kwenye mojawapo, pua inainama na propela inagonga ardhi. Mashimo ya ngiri na mhanga ni vivyo hivyo, na nyasi zikishafika magotini huficha hata jiwe. Uwanja ambao haujatumika kwa wiki kadhaa, au uliopitiwa na mvua kubwa juzi, unastahili kutazamwa kwa karibu.

Kwa Cessna 172 utaratibu wa kawaida ni flapu (vibao vya nyuma ya mbawa vinavyoshushwa ili ndege iweze kuruka polepole) digrii 10 au 20, mwendo wa kama noti 70 (karibu kilomita 130 kwa saa), kimo kati ya futi 50 na 100, na injini ikifanya kazi ya kweli ya kuibeba ndege. Pita kulia kwa njia, usiwe juu yake hasa, la sivyo pua ya ndege itakuficha kile ulichokuja kukitazama.

Hatari hapa inatokana na macho. Rubani anatazama chini, anahesabu mashimo, mkono unavuta usukani kidogo bila yeye kujua, na mwendo unapungua. Noti 70 zinakuwa 60, kisha 55, ilhali ndege iko futi 60 na flapu zimeshuka. Ukiwa na mwenzako aliye rubani, gawaneni kazi: mmoja aitazame njia na kusema anachokiona, mwingine asiondoe macho kwenye mwendo na yaliyo mbele. Ukiwa peke yako, tazama njia kwa vipande. Kipande, kisha mwendo. Kipande, kisha mwendo. Kupita mara mbili ukiwa makini ni salama kuliko kupita mara moja ukijaribu kuona kila kitu.

Kuna mtego mwingine ambao wakufunzi wazuri huusisitiza. Ukipita na upepo mgongoni, ardhi inakimbia upesi chini yako na unahisi uko kasi mno. Mwili unakuambia upunguze. Ukiusikiliza, unaweza kufikia stoli, yaani mbawa kuacha kuibeba ndege, huku ardhi ikionekana bado inakimbia. Basi pita upepo ukiwa mbele, na uamini kipimo cha mwendo.

Halafu kuna kimo cha nchi yenyewe. Viwanja vya Mara na Seronera kule Serengeti viko takriban futi 5,000 juu ya usawa wa bahari. Siku yenye joto la nyuzi 30, hewa ya hapo inakuwa nyepesi kama ya futi 8,000. Injini inavuta hewa pungufu, propela inashika hewa pungufu, na ndege ile ile iliyokuwa ikipaa vizuri pale Mafia au Lamu inapaa kwa karibu nusu ya kasi hiyo. Rubani aliyefundishwa pwani, akajizoesha kuvuta pua na kuondoka mwishoni mwa njia, akifika Kichwa Tembo chini ya ukingo wa Oloololo atagundua kwamba kilima kinakuja upesi kuliko kimo. Uamuzi wa kupaa uwe umefanyika kabla ya kufika katikati ya njia, na upande wa kutokea uwe umeuchagua ukingali futi 500.

Kuhusu kufukuza wanyama, kupita huku kunasaidia, ila msaada wake ni wa muda mfupi. Nyumbu wakishtuka hufuatana, na wale wa nyuma huvuka njia kuwafuata wa mbele hata kama ndege ndiyo inakuja. Ukizunguka mzunguko mrefu wa dakika tano watakuwa wamerudi. Zunguka mfupi, lakini usiubane mzunguko hadi ukaanza kuinamisha bawa kupita kiasi ukiwa chini.

Kushuka kama unatua, kisha kughairi

Kwa hali nyingi hii ndiyo ninayoipendelea, na sijui kwa nini haitajwi vya kutosha. Unashuka kwa utaratibu ule ule wa kutua: upepo mbele, mwendo wa kutua, flapu tayari, umeshatangaza kwenye redio. Tofauti ni kwamba umeamua mapema kuwa hutagusa ardhi. Ukifika juu ya mwanzo wa njia unasukuma injini yote, unapandisha pua taratibu, unarudisha flapu hatua kwa hatua, unaondoka.

Ubora wake ni kwamba hakuna jambo geni ndani yake. Kila rubani amefundishwa kughairi kutua tangu alipokuwa mwanafunzi, na picha anayoiona kiooni ndiyo aliyoizoea. Mwongozo wa marubani wa Marekani unaelekeza kwamba ukipita hivi uende moja kwa moja mbele, usigeuke wala kupanda mpaka uwe umetazama vizuri kama kuna ndege nyingine karibu. Hilo ni la busara popote, na zaidi kwenye uwanja usio na mnara, ambako ndege ya abiria ya kampuni ya safari inaweza kuwa inaingia upande wa pili.

Udhaifu wake ni miwili. Kwanza, unaona vizuri theluthi ya mwanzo ya njia tu. Pili, kuna kishawishi: njia inaonekana safi, magurudumu yako futi 20, na moyo unasema "nimeshafika, nitue." Mara swala anatoka kichakani. Ukishaamua kwamba mara hii ni ya kutazama, ibaki ya kutazama.

Usiifanye ukiwa na flapu zote. Kwenye 172 yenye flapu za digrii 30, digrii hizo 30 ndani ya hewa nyepesi ya bara ni mzigo mkubwa, na ndege inaweza kukataa kupaa hata injini ikiwa imefunguliwa yote. Digrii 20 zinatosha.

Kupita kwa kasi

Wageni wamepanda, kambi nzima imesimama kando ya njia inapunga mikono, na sauti kutoka kiti cha nyuma inasema: "Kapteni, pita chini kidogo tuwaage." Au ni sherehe ya klabu, marafiki wametoa simu. Rubani anazunguka, anashuka, anafungua injini na kupita futi 20 kwa noti 120, kisha anavuta usukani na kupanda huku akikunja kona.

Wanaoitetea wana hoja moja ambayo ni ya kweli, na ni haki ipewe nafasi yake: mwendo ni akiba. Ndege yenye kasi inaweza kuibadilisha kasi hiyo kuwa kimo injini ikizimika. Hesabu ni hii, kwa ndege inayopanda mpaka ibaki na noti 65, bila kutoa kile kinacholiwa na ukinzani wa hewa:

| Mwendo wa kupita | Muda wa kumaliza njia ya kilomita 1 | Kimo kinachopatikana bila injini |
|---|---|---|
| noti 70 | sekunde 28 | kama futi 30 |
| noti 90 | sekunde 22 | kama futi 170 |
| noti 120 | sekunde 16 | kama futi 450 |

Ukiisoma haraka utasema wa noti 120 ndiye salama. Tazama tena. Yule wa noti 70, injini ikizimika akiwa theluthi ya kwanza ya njia, ana njia iliyobaki mbele yake, flapu zimeshuka na mwendo ni wa kutua; anatua. Yule wa noti 120 ana futi 400 na kitu, lakini njia imeshamwishia, pua iko juu, mwendo unayeyuka, na kurudi nyuma kunahitaji kona kali ambayo kimo hicho hakiimudu. Akiba yake inampeleka vichakani akiwa na sekunde 30 za kuchagua kichaka. Na katika sekunde zile 16 hakuiona njia. Kama angeulizwa kuna mashimo mangapi, hana jibu.

Ile kona ya kuondokea ndiyo yenye hatari kuliko yote. Ukiinamisha bawa digrii 60 na kushikilia kimo, mbawa zinabeba uzito mara mbili, na mwendo wa stoli unapanda kwa asilimia 41. Kwa 172 iliyojaa, bila flapu, noti 48 zinakuwa 68. Rubani aliyevuta pua juu anapoteza mwendo kila sekunde, na mwendo wa stoli unapanda kumfuata. Vikikutana hapo juu, bawa moja linaanguka kabla ya jingine, na hakuna kimo cha kujiokoa.

Ndege wa porini nao wahesabiwe. Nguvu ya kugongana inakua kwa mraba wa kasi, hivyo noti 120 hugonga karibu mara tatu ya noti 70. Korongo marabu anafika kilo 9, na hushinda karibu na majalala ya kambi, jirani kabisa na viwanja.

Tukio linalosomwa zaidi la kupita chini lilitokea Habsheim, Ufaransa, tarehe 26 Juni 1988. Halikuwa la rubani binafsi, ila uwanja ulikuwa wa klabu na sherehe ilikuwa ya klabu. Airbus A320, ndege mpya kabisa wakati huo, ilikuwa ipite mbele ya watazamaji kwa futi 100. Marubani walipoukaribia uwanja waliona watu wamejipanga kando ya njia nyingine, si ile waliyoipangia, wakarekebisha mwelekeo. Ndege ikashuka hadi kama futi 30, polepole, injini zikiwa zimepunguzwa mpaka chini. Mwisho wa uwanja ulikuwa na msitu. Injini zilipofunguliwa zilihitaji sekunde kadhaa kushika nguvu, na sekunde hizo hazikuwepo. Ndani mlikuwa na watu 136, na 3 walikufa. Waliokuwa usukanini walikuwa mahodari wa kampuni kubwa, wenye maelfu ya saa angani, na kilichowashinda ni kitu kidogo: mpango ulibadilika dakika ya mwisho, chini kabisa, watu wakitazama. Hicho hasa ndicho kinachompata rubani binafsi anayeombwa apite chini "kidogo tu".

Kwa hiyo, ukiwa na abiria, ukatae. Ukiwa peke yako na hujafunzwa kuruka kwenye maonyesho, ukatae pia. Wageni wanaweza kuagwa kwa kutikisa mbawa ukiwa futi 1,000 na zaidi, na picha itatoka nzuri.

Sheria inasimama wapi

Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ambazo nchi zetu zinazifuata, zinasema kwamba ndege inayoruka kwa kuona isiende chini ya futi 500 juu ya ardhi au maji, na juu ya miji au mkusanyiko wa watu nje chini ya futi 1,000 kutoka kizuizi kirefu zaidi ndani ya mita 600. Isipokuwa pale inapobidi kwa ajili ya kupaa au kutua, au kwa kibali cha mamlaka. Kambi nzima iliyosimama kando ya njia kuaga ni watu waliokusanyika.

Neno zito hapo ni kutua. Kutazama njia unayokwenda kutua kunaingia ndani ya ruhusa. Kuaga wageni hakuingii. Hata neno "ukaguzi" halitoshi peke yake: mwaka 2019 kule Nevada, Marekani, rubani mmoja alipita chini sana karibu na nyumba na watu, akajitetea kwamba alikuwa anakagua mahali pa kutua. Waliosikiliza kesi waliona pale hapakufaa kutua tangu mwanzo, kwa hiyo kupita chini hakukuwa kwa lazima, na leseni yake ikasimamishwa kwa muda. Kwenye uwanja unaotambulika, ukiwa umetangaza nia yako redioni na ukatua kweli, huna la kuogopa.

Magurudumu yasiyoaminika

Kwa ufupi, kwa wanaoruka ndege zinazokunja magurudumu kama Cessna 210: taa ya magurudumu ikikataa kuwaka, unaweza kuomba kupita mbele ya mnara watazame. Jaribu kwanza kubadilishana balbu na kusoma orodha ya dharura ukiwa juu, na kimo cha kutosha mkononi. Mnara unaweza kukuambia magurudumu yanaonekana yameshuka. Hauwezi kukuambia yamejifunga. Kupita mara moja kunatosha, maana mara ya pili haitaongeza kitu.

Mtu aliye chini

Njia bora kuliko zote hizi haihitaji ndege. Kambi yenye gari na askari mmoja mwenye simu inaweza kuendesha njia nzima dakika 15 kabla hujafika, ikafukuza wanyama, na dereva akasikia mwenyewe penye matuta. Wenye kambi na mashamba yenye viwanja: mpeni mtu mmoja kazi hiyo iwe yake. Nawe rubani, unapompigia usimuulize "uwanja uko sawa?" maana utajibiwa ndiyo. Muulize gari limepita lini toka mwanzo hadi mwisho, mvua ilinyesha lini, soksi inaelekea wapi sasa hivi, na wanyama wako upande gani. Majibu yakiwa ya uhakika, tazama tu kutoka futi 500, kisha tua, ukiwa tayari kughairi.

Na ukipita mara mbili, wanyama wakarudi mara mbili, achana na uwanja huo. Mara ina viwanja kadhaa vilivyo dakika chache tu kutoka kimoja hadi kingine. Kila mzunguko unakula mafuta, na akiba ya dakika 30 ya safari ya mchana si ya kuchezea pundamilia. Chagua uwanja wa pili ungali uwanja wa Wilson, Nairobi, kabla hujaruka, ujue nani utampigia huko, na gari lije kuwachukua wageni.